Rekodi za kompyuta kwenye kliniki za VVU: Faida kubwa si kuhifadhi, ni kukumbusha

Kenya ina zaidi ya watu milioni 1.3 wanaoishi na virusi vya Ukimwi (VVU). Wengi wao wanameza dawa kila siku, na watazimeza maisha yao yote. Kwa kila mmoja wao kuna kliniki mahali fulani inayopaswa kujua alianza dawa lini, anameza zipi, alipimwa damu lini mara ya mwisho, majibu yalikuwaje na anatakiwa kurudi tarehe ngapi.

Zamani majibu ya maswali hayo yalikaa kwenye faili la karatasi, ndani ya kabati. Leo, katika vituo vingi, yako kwenye kompyuta.

Watu wengi wakisikia hivyo hudhani faida ni moja tu: faili halipotei tena. Ni kweli halipotei kirahisi, lakini hiyo ndiyo faida ndogo. Faida kubwa ni kwamba kompyuta iliyopangwa vizuri inaweza kumkumbusha mhudumu jambo alilosahau, kabla mgonjwa hajatoka mlangoni.

Na hili si porojo la wauza kompyuta. Limepimwa kwa takwimu, tena magharibi mwa Kenya.

Kwa nini VVU inahitaji kumbukumbu ndefu

Ukipata malaria, unapimwa, unapewa dawa za siku chache, unapona. Kituo cha afya kikisahau kwamba ulifika, huenda usidhurike.

VVU ni tofauti. Dawa haziondoi virusi mwilini, zinavifubaza. Ukizimeza bila kukosa, virusi vinapungua kwenye damu hadi kipimo hakivioni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu aliyefikia hatua hiyo, na anayeendelea na dawa, hana hatari ya kumwambukiza mwenzake wa ngono.

Ukiziacha, virusi vinarudi. Ukizimeza leo na kuziruka kesho, virusi vinaweza kuwa sugu, na dawa iliyokuwa ikikusaidia isikusaidie tena.

Tatizo ni kwamba mtu hawezi kujiangalia kwenye kioo akajua virusi vimeanza kupanda. Anaweza kuwa na nguvu, anaenda shambani au kazini kama kawaida, kumbe damuni mambo yameharibika. Kinachoonyesha ni kipimo cha wingi wa virusi, na kipimo hicho hufanywa mara chache tu kwa mwaka.

Kwa hiyo kipimo kimoja kikisahaulika, si siku moja iliyopotea. Inaweza kuwa miezi mingi ambayo mtu anameza dawa isiyofanya kazi, bila yeye wala kliniki kujua.

Ilianzia Mosoriot

Kisa cha rekodi hizi nchini Kenya kinaanzia kituo cha afya cha mashambani, Mosoriot, Kaunti ya Nandi, karibu na mji wa Eldoret.

Februari 2001, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliweka hapo mfumo mdogo wa kompyuta wa kuandikisha wagonjwa. Wakati huo haukuwa wa VVU. Ulikuwa wa kila mgonjwa aliyefika: mwenye homa, mama mjamzito, mtoto wa chanjo.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulilinganisha hali kabla na baada. Muda ambao mgonjwa alikaa kituoni kwa ziara moja ulipungua kwa asilimia 22. Muda wa kungoja foleni ulipungua kwa asilimia 38.

Lakini utafiti huohuo ulisema ukweli ambao watetezi wa teknolojia hawapendi kuutaja. Muda ambao wafanyakazi waliokoa haukwenda wote kwa wagonjwa. Sehemu yake iliishia kwenye shughuli zao binafsi. Somo la kwanza likawa hilo: kompyuta inaweza kukupa muda, lakini haikuambii uutumie vipi.

Mwaka huohuo wa 2001, Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vilianzisha mpango wa kutibu VVU uitwao AMPATH, makao yake Eldoret. Wagonjwa waliongezeka haraka kutoka makumi hadi maelfu, na mfumo mdogo wa Mosoriot ukaelemewa.

Mwaka wa 2004, Taasisi ya Regenstrief ya Indiana ilishirikiana na shirika la Partners In Health, lililokuwa likitibu wagonjwa wa VVU huko Haiti, kutengeneza programu mpya. Waliiita OpenMRS. Haiuzwi. Nchi au hospitali yoyote inaweza kuichukua bure na kuibadilisha ifae mahitaji yake. AMPATH ilianza kuitumia mwaka wa 2006.

Baadaye Wizara ya Afya ya Kenya na washirika wake walijenga juu ya OpenMRS mfumo wa taifa uitwao KenyaEMR. Sasa uko katika zaidi ya vituo 1,000 vya afya nchini. Kama unachukua dawa kwenye kituo cha serikali na unamwona karani akibofya kompyuta kabla hujaitwa, kuna uwezekano mkubwa huo ndio mfumo anaoutumia.

Karatasi moja iliyoleta tofauti

Sasa tuje kwenye ushahidi.

Katika miaka hiyo, wahudumu wa AMPATH walikuwa bado wanaandika kwa kalamu. Makarani wa data ndio waliochukua fomu na kuingiza kila kitu kwenye kompyuta. Kwa hiyo data zilikuwepo, lakini daktari aliyekaa mbele ya mgonjwa hakuziona.

Watafiti wakajaribu jambo rahisi. Kabla ya mgonjwa kuingia, kompyuta ilichapisha karatasi moja yenye muhtasari wake: dawa anazomeza, vipimo vya karibuni, uzito wake. Kama muda wa kipimo cha kinga ya mwili, yaani CD4, ulikuwa umepita, karatasi ilisema hivyo waziwazi na kumtaka mhudumu aagize kipimo.

Walilinganisha kliniki iliyopata karatasi hizo na nyingine ambayo haikupata. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011. Kwenye kliniki isiyo na vikumbusho, wagonjwa 38 kati ya kila 100 waliochelewa kupimwa ndio walioagiziwa kipimo. Kwenye kliniki yenye vikumbusho walikuwa 53. Na walipohesabu tu ziara ambazo karatasi ilikuwepo kweli mbele ya mhudumu, walifika 63.

Mara hii walitaka kujua kuhusu watoto. Mtoto mwenye VVU ana mambo mengi zaidi ya kufuatiliwa, kwa sababu dozi inabadilika kadiri uzito unavyoongezeka na vipimo vyake ni vingi. Kliniki ya watoto Eldoret ikafanyiwa jaribio: baadhi ya watoto, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, faili zao zilikuwa na vikumbusho. Wengine hapana.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2013. Kati ya kazi zilizokuwa zimechelewa, asilimia 68 zilifanyika pale palipokuwa na kikumbusho. Pasipokuwa na kikumbusho, ni asilimia 18 tu.

Hebu soma tena tofauti hiyo. Kliniki ni ileile na wahudumu ni walewale. Hakuna aliyepelekwa masomoni wala kuongezwa mshahara. Kilichoongezwa ni mistari michache kwenye karatasi.

Hii haimaanishi kwamba wahudumu wa Eldoret walikuwa wazembe. Inamaanisha walikuwa binadamu. Mtu anayeona wagonjwa makumi kwa siku, kila mmoja na historia ya miaka, hawezi kubeba yote kichwani.

Kompyuta inafanya nini hasa?

Mfumo wa rekodi kwenye kliniki ya VVU una kazi nne kuu ambazo faili la karatasi linazifanya kwa shida au haliziwezi kabisa.

Kwanza, kuorodhesha walioruka tarehe. Kwenye karatasi, ili ujue nani hakuja jana, lazima upitie daftari la miadi jina kwa jina. Kompyuta inatoa orodha kwa dakika moja. Hii ni muhimu kwa sababu mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, humhesabu mgonjwa kuwa amekatiza matibabu ikiwa siku 28 zimepita tangu tarehe aliyotakiwa kurudi. Ukimtafuta siku ya pili, ni rahisi kumpata. Ukimtafuta baada ya miezi mitatu, huenda amehama au amezidiwa.

Pili, kuonyesha ambao muda wao wa kupimwa umefika. Hiyo ndiyo kazi ya vikumbusho tulivyoona. Siku hizi mkazo uko zaidi kwenye wingi wa virusi kuliko CD4.

Tatu, kufuatilia majibu. Sampuli za damu kutoka vituo vingi hupelekwa kwenye maabara kubwa chache, kama ile ya AMPATH Eldoret au za taasisi ya KEMRI. Zamani majibu yalirudi kwa karatasi, na mengine hayakufika. Yakirudi kwa njia ya kompyuta, kliniki inaweza kuona kwa haraka nani virusi vyake viko juu na kumwita mapema, badala ya kungoja tarehe yake.

Nne, kuonya dawa zinapogongana. Chukua mfano huu. Wagonjwa wengi wa VVU Kenya wanameza kidonge chenye dawa ya dolutegravir, mara moja kwa siku. Mtu huyo akipata kifua kikuu na kuanzishiwa dawa yenye rifampicin, rifampicin inapunguza nguvu ya dolutegravir mwilini. Inabidi dolutegravir iongezwe, mara mbili kwa siku. Kama dawa za kifua kikuu zimeandikwa kwenye daftari moja na za VVU kwenye jingine, ni rahisi jambo hilo kupita bila mtu kuliona. Zikiwa kwenye rekodi moja, mfumo unaweza kupiga kelele.

Kuna sababu nyingine inayofanya kazi hizi ziwe na uzito zaidi sasa kuliko zamani. Mgonjwa anayeendelea vizuri haambiwi tena aje kila mwezi. Anaweza kupewa dawa za miezi 3 hadi 6 kwa mpigo. Kwake ni nafuu kubwa, maana anaokoa nauli na hakosi kazi. Lakini pia ina maana kwamba mhudumu anamwona mara chache sana kwa mwaka. Lililosahaulika leo litangoja nusu mwaka.

Orodha haitembei

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kompyuta ikitoa orodha ya watu 40 waliokosa kuja, bado hakuna hata mmoja aliyerudi. Lazima mtu anyanyue simu. Lazima mtu apande bodaboda hadi kijijini.

Mfano mzuri ni utafiti uliofanywa Nairobi na Kajiado kati ya 2007 na 2008. Haukuhusu rekodi za kompyuta, ulihusu simu za kawaida. Wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mfupi kila wiki, mara nyingi neno moja tu: "Mambo?"

Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48. Kama yuko salama, aandike "Sawa". Kama ana tatizo, aandike "Shida". Aliyeandika "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi.

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka wa 2010. Waliotumiwa ujumbe na kuripoti kwamba wanameza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wengine. Waliofanikiwa kufubaza virusi walikuwa asilimia 57, dhidi ya 48.

Angalia kilichofanya kazi hapo. Ujumbe haukusema "meza dawa", wala haukutaja ugonjwa wowote. Ulimjulisha mgonjwa kwamba kuna mtu anayengoja jibu lake. Teknolojia ilimwonyesha muuguzi nani wa kupigiwa, na muuguzi akapiga.

Rekodi za kompyuta nazo ni hivyohivyo. Kliniki yenye mfumo mzuri lakini haina muda wa simu wala mtu wa kufuatilia ina orodha nzuri ya watu inaowapoteza.

Pale mfumo unapokwama

Matatizo mengine ni ya kila siku.

Stima ikipotea na hakuna betri wala sola, kazi inarudi kwenye karatasi, na karatasi hizo zinangoja mtu wa kuziingiza baadaye. Zisipoingizwa, mgonjwa aliyekuja Jumatatu anaonekana kwenye kompyuta kama hakuja. Anapigiwa simu kuulizwa kwa nini ameacha dawa, na dawa anazo mfukoni. Akipigiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hapokei.

Kuna kazi maradufu. Katika vituo vingi mhudumu anajaza kadi na daftari, kisha anajaza kompyuta. Foleni ikiwa ndefu, kimoja kinalegea, na mara nyingi kinacholegea ni kompyuta.

Kuna majina. Mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa jina la ubatizo hapa na kwa jina la nyumbani kule. Kwenye mfumo wanakuwa watu wawili. Ndiyo maana kila mgonjwa wa VVU nchini Kenya hupewa namba ya kliniki yenye tarakimu 10: tano za kwanza zinatambulisha kituo, tano za mwisho zinamtambulisha yeye.

Namba hiyo inasaidia ndani ya kituo. Ila mtu akihamia mji mwingine bila kuaga na kujiandikisha upya kama mgeni, kituo cha kwanza kinamhesabu kuwa amepotea. Tafiti za Afrika Mashariki zilizofuatilia watu walioandikwa "wamepotea" zimekuta wengine wanaendelea na dawa mahali pengine, na wengine walikwishafariki. Kompyuta peke yake haikuweza kutofautisha hao wawili.

Na kuna hatari ya kikumbusho chenyewe. Mfumo unaotoa onyo kwa kila jambo dogo humchosha mhudumu. Anazoea kubofya "endelea" bila kusoma, na siku onyo la maana likija, nalo linapita.

Nani anaona jina langu?

Kwa mgonjwa wengi, hili ndilo swali la kwanza. Nchi ambayo bado mtu anaweza kufukuzwa nyumbani au kuachwa na mchumba kwa sababu ya VVU haiwezi kulipuuza.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka wa 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na walezi wao na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia iliyotajwa ilikuwa kuboresha huduma. Lakini majina yangeunganishwa na hali zao. Wanaharakati na watu wanaoishi na VVU walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua agizo hilo lilikiuka Katiba.

Nje ya Afrika, Singapore ilipata pigo kubwa zaidi. Januari 2019 serikali yake ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 wenye VVU zilikuwa zimewekwa wazi mtandaoni. Hakukuwa na mdukuzi aliyevunja mfumo kutoka mbali. Serikali ilisema zilipitia kwa daktari aliyekuwa na idhini ya kuziona.

Ndiyo maana nywila peke yake haitoshi. Mfumo mzuri unaweka mipaka: mtu wa mapokezi anaona tarehe ya miadi, si majibu ya damu. Pia unaandika nani alifungua rekodi ya nani, na saa ngapi. Faili la karatasi haliwezi kukwambia nani alilisoma jana usiku. Kompyuta inaweza, kama kuna mtu anayekagua.

Sheria zipo. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 kuhusu VVU na Ukimwi inakataza kutoa siri ya hali ya mtu bila idhini yake, na iliunda baraza maalum la kusikiliza kesi hizo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inakupa haki ya kuona taarifa zako na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Mwaka wa 2023 ikaongezwa Sheria ya Afya ya Kidijitali.

Nani atalipa karani?

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi hii ililipiwa na Marekani kupitia PEPFAR: kompyuta, mafundi, mafunzo na mishahara ya makarani wengi wa data.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Wafanyakazi wa afya kwa maelfu nchini Kenya, waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo, waliambiwa wakae nyumbani. Baadhi yao ndio waliokuwa wakiingiza data, wakisoma orodha za waliokosa kuja, wakipiga simu.

Dawa zinaweza kuwepo kwenye rafu hata baada ya pigo kama hilo. Programu ya kompyuta nayo ni ya bure. Kinachokatika kwanza ni mnyororo wa watu katikati: anayeingiza, anayesoma, anayefuatilia. Mnyororo huo ukikatika, athari hazionekani wiki hiyo. Zinaonekana miezi kadhaa baadaye, virusi vinapopanda kwa watu ambao hakuna aliyejua hawakurudi.

Serikali ya Kenya imesema inaunganisha huduma za VVU na huduma nyingine za hospitali, badala ya kliniki za kujitenga. Kwa upande mmoja, mgonjwa hatahitaji kuonekana akipita mlango unaojulikana na kila mtu. Kwa upande mwingine, rekodi yake itapita mikononi mwa wahudumu wengi zaidi. Swali la nani anaona nini linakuwa kubwa, si dogo.

Wewe unaweza kufanya nini

Kama unachukua dawa, au unamsaidia mtu anayechukua, mambo haya hayagharimu kitu:

1. Uliza tarehe mbili, si moja. Wengi huondoka na tarehe ya kurudi tu. Uliza pia: "Kipimo changu cha wingi wa virusi ni lini?" Iandike kwenye simu yako. Ikifika na hakuna anayekitaja, kitaje wewe.

2. Uliza majibu yalikuwaje. Usikubali "yako sawa" peke yake. Omba kujua kama virusi vimefubaa au la.

3. Ukibadilisha laini ya simu, sema. Namba iliyokufa kwenye mfumo inakuweka nje ya orodha ya watu wanaoweza kupatikana.

4. Ukihama, aga. Omba barua ya uhamisho na ubebe namba yako ya kliniki. Inamsaidia mhudumu mpya kujua umemeza dawa gani tangu mwanzo, na kukuepusha kuanza upya.

5. Tumia majina yaleyale yaliyo kwenye kitambulisho chako kila unapoandikishwa.

6. Taja dawa nyingine zote unazomeza, hasa za kifua kikuu, hata kama ulipewa hospitali nyingine. Mfumo hauwezi kuonya kuhusu dawa ambayo haujaambiwa.

7. Sema unavyotaka kutafutwa. Kama simu yako inashikwa na watu wengine nyumbani, mwambie mhudumu. Unaweza kuomba usitumiwe ujumbe, au upigiwe saa fulani.

8. Siri yako ikitolewa, lalamika. Anza na msimamizi wa kituo. Usiposikilizwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, au kwa lile baraza la VVU na Ukimwi.

Na kama kliniki yako bado inatumia karatasi tupu, swali la kwanza bado ni lilelile, na unaweza kuliuliza ziara ijayo: kipimo changu ni lini?